Msumari wa Shimo la Chokaa

Aliyeua alipiga mpaka mkono ukachoka. Inspekta aliliona hilo kabla hata hajavaa glavu. Pigo la kwanza lilitoka nyuma, likatua kisogoni, na lilitosha kabisa. Mengine matano yalikuwa ya hasira tu. Pasi ya mkaa, ile nzito ya kizamani ambayo fundi aliitumia kukandamizia vitabu vilivyotiwa gundi, ilikuwa chini ya meza, nywele zimeganda kwenye ncha yake. Damu ilikuwa imeruka hadi kwenye kioo cha saa ya ukutani, na saa, bila haya, ilikuwa inaendelea kutembea.

"Saa tisa kasorobo," alisema Koplo. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu, na magoti yake yalikuwa yameshastaafu zamani, kwa hiyo kila kitu cha sakafuni alikitazama akiwa amesimama. "Daktari anasema alikufa kati ya saa sita na saa nane."

Marehemu alikuwa fundi wa kujalidi vitabu, lakini mtaa mzima ulimwita Msimulizi. Sababu ilikuwa ya ajabu kidogo. Kila Jumamosi mchana watu wazima wanne, yeye akiwamo, walijifungia katika chumba hiki cha nyuma ya karakana wakacheza mchezo usio na ubao wala karata. Mmoja husimulia nchi ya kubuni, wengine huishi ndani yake kama majemadari, wachawi na wauaji, na dadu ya pande ishirini ndiyo inayoamua nani apone na nani akatwe kichwa. Nchi yao waliiita Dola ya Shaba. Walikuwa wakiitungia historia kwa miaka saba, vita baada ya vita, mfalme juu ya mfalme, na yote yaliandikwa kwa mkono katika kitabu kimoja kikubwa cha jalada la ngozi. Kitabu hicho kilikuwa mezani, wazi, kimerushiwa damu.

"Watu wazima, Afande?" Koplo aliuliza. "Wenye wake na watoto?"

"Na kazi pia."

"Haya. Mimi nimepitwa na mambo."

Inspekta aliinama juu ya kitabu. Ukurasa mmoja ulikuwa umekatwa kwa kile kisu cha kazi kilichokuwa pembeni. Umekatwa kwa mstari ulionyooka, umbali wa kidole kimoja kutoka kwenye mshono, ili uzi usifumuke na kitabu kisiachie. Alirudia kuutazama mkato ule, kisha akautazama ule uso chini ambao haukuwa uso tena.

"Njoo uone," alisema. "Mtu anapasua kichwa cha mwenzake namna hii, halafu anakata karatasi kwa utulivu kama anakata kucha za mtoto. Kwa nini asiunyofoe tu?"

"Huenda si mtu mmoja."

"Ni mmoja. Na anakionea huruma kitabu kuliko binadamu."

Ukurasa uliotangulia ule uliokatwa uliishia chini kabisa na maneno haya: *Mwaka wa 409 wa Shaba. Imegundulika kwamba*. Basi. Sentensi ilikuwa imebaki hewani.

Simu ililia mfukoni mwa Inspekta; alikuwa Mkuu wa kituo. Mkuu hakuwa mtu wa salamu.

"Mnapoteza muda gani huko? Muuaji tunaye."

"Tuna mtu aliyepigwa, Mkuu. Hilo ndilo nililonalo mpaka sasa."

"Mdogo mtu amekutwa ameikumbatia maiti, shati lote damu. Jana majirani walimsikia akipiga kelele kwamba atamuua. Unataka nini tena, picha ya harusi? Kesho saa sita mchana anasomewa mashtaka."

Inspekta alijua maana yake. Mdogo wa Msimulizi alikuwa ametolewa karakanani na watu wa mtaa kabla gari la polisi halijafika. Walimpiga kwa matofali, kwa mikanda, na mwanamke mmoja kwa mfuniko wa sufuria, na tairi lilikuwa limeshaletwa. Akisomewa mashtaka angetolewa hospitali na kupelekwa mahabusu, na huko wangemmalizia. Hakuna aliyekuwa na hamu ya kumlisha mtu aliyemuua ndugu yake wa tumbo moja.

*

Mdogo alifungwa pingu kwenye kitanda cha hospitali, kana kwamba mwenye mbavu tatu zilizovunjika angekimbia. Jicho la kushoto lilikuwa limevimba likafumba. Askari wa mlangoni alikuwa ameegemea ukuta, na nje dirishani ilisikika sauti ya kundi likiuliza huyo shetani atatolewa mlango upi.

"Jana ulimwambia kaka yako utamuua," Inspekta alisema, akivuta kigoda.

"Nilisema, ndiyo." Alijaribu kucheka, mbavu zikamkatalia. "Nilisema nitamuua na mji wake nitauteketeza. Alinizamishia bandari yangu, Afande. Mafuriko! Miaka saba nimeujenga mji ule, nyumba kwa nyumba, yeye anarusha dadu moja anazamisha watu elfu nne. Ungenyamaza wewe?"

"Bandari ya mchezoni."

"Sasa nina bandari gani nyingine? Mimi nauza gundi." Jicho lililobaki zima lilijaa machozi. "Nilimpelekea kikopo cha gundi saa nane. Nikamkuta. Nilijaribu kuurudisha uso wake kwa mikono, unaelewa? Nilidhani nikiushika sawasawa utakaa."

Koplo aligeukia dirishani. Inspekta alimwacha Mdogo alie, kwa sababu hakukuwa na njia nyingine, kisha akauliza juu ya yale maneno. Imegundulika kwamba.

"Ndiyo sheria yetu," Mdogo alisema. "Historia ikishaandikwa haifutwi wala haichomwi. Kila tukio tunaweka dole gumba, wote wa mezani. Ukikuta ilikuwa uongo, huandiki juu yake. Unaandika mwaka ule ule, unaanza na imegundulika kwamba, unasema ukweli."

"Na mwaka wa 409 kulikuwa na nini?"

"Mengi. Njaa ya kaskazini. Harusi ya malkia. Kifo cha mwanamfalme Tendegu."

"Tendegu? Wa kitanda?"

"Twiga, mwenzetu wa tano, ndiye aliyemcheza. Alikuwa mrefu, mwembamba, akasema mwanamfalme wake lazima afanane naye. Alizama kwenye machimbo ya mawe, miaka mitatu iliyopita. Tulipomzika tukamuua na mwanamfalme wake pia, kwa heshima. Vitani, kishujaa. Asingependa kubaki hai mchezoni peke yake."

Inspekta alilijua faili la machimbo. Aliliandika yeye mwenyewe: mvua, ukingo wa utelezi, hakuna shahidi, ajali. Ukurasa mmoja na nusu, likafungwa siku ileile.

"Nani aliyajua marekebisho haya mapya kabla ya Jumamosi?"

"Hakuna. Msimulizi huyasoma mezani mara ya kwanza, na nyumba nzima kimya. Hata mimi ndugu yake nisingeonyeshwa. Hata shemeji."

Kabla hajatoka, Inspekta aliketi kwenye benchi la ukumbini akakifungua kitabu, kikiwa ndani ya mfuko wa plastiki, ukurasa wa 140. Tendegu aliuawa juu ya Daraja la Mifupa kwa mshale wa adui, mwili ukaangukia mtoni. Chini yake madole gumba manne ya wino wa bluu: la Msimulizi, la Mdogo, na ya wengine wawili waliobaki mezani, mmoja mwenye bucha na mmoja mwalimu wa sekondari.

*

Mwenye bucha, ambaye wote walimwita Bucha kana kwamba mamaye hakumpa jina, alikuwa nyuma ya duka lake akitenganisha bega la ng'ombe kwa shoka fupi. Damu ilikuwa kila mahali, na Koplo alimnong'oneza Inspekta kwamba huyu akiua mtu hata mkewe asingejua.

"Nimesikia," alisema Bucha bila kugeuka. Shoka likashuka, mfupa ukalia. "Mtu wangu wameniulia."

"Uliwahi kumpiga," Inspekta alisema. "Mwaka juzi ulimng'oa jino."

"Alimpa mchawi ushindi wa mbio za farasi! Mchawi! Mimi ni Jemadari, farasi wote wangu." Akapiga tena. "Nikamlipia jino lingine. Lilikuwa zuri kuliko la kwanza, alikuwa akilichekea kwenye kioo."

Inspekta aliangalia daftari lake na kusoma ovyo, kwa uchovu tu: "Mwanamfalme Tendegu, aliyechomwa mkuki darajani..."

"Mshale!" Bucha alilitupa shoka mezani. "Mkuki umeutoa wapi? Mshale wa sumu, umeingia hapa, ukatokea hapa." Alimkamata Koplo shingoni kwa mkono wa damu kuonyesha njia ya mshale, na Koplo akatoa sauti ambayo hajaitoa tangu utotoni. "Mimi nilikuwa ubavuni mwake. Nilimshika. Usiniharibie mtu wangu, mama Inspekta, amekufa tayari."

"Mwachie askari wangu."

Alimwachia, akamfuta kola kwa aproni, akazidisha uchafu. Kati ya saa sita na saa nane alikuwa akiuza. Foleni ilikuwa ndefu, watu kumi na zaidi wangemtaja, na mmoja wao alikuwa mke wa yule askari wa mlangoni hospitalini.

"Huyu siye," Koplo alisema walipokuwa barabarani, akijipangusa shingo. "Nasema kwa huzuni."

Kitu kimoja kilimkaa Inspekta akilini. Mtu amefiwa, polisi wamemsimamia, damu imemjaa hadi viwikoni, na bado kosa la mkuki badala ya mshale limemuuma kuliko yote. Hawa watu hawawezi kuvumilia historia yao iharibiwe. Aliona ni jambo la kutumiwa.

Mwalimu walimkuta shuleni, chumba cha walimu, peke yake, akisahihisha rundo la madaftari kwa kalamu nyekundu. Alikuwa mtu mpole wa sauti ya chini, shati lake limepigwa pasi mpaka kwenye mikono. Aliwasogezea viti. Alikuwa amelia, macho yake yalionyesha.

"Mchana wote nilikuwa nasimamia jaribio," alisema. "Kidato cha pili. Wanafunzi arobaini watakuambia."

"Tutawauliza. Nisaidie na historia yenu, inanichanganya." Inspekta alisoma kwa makusudi sasa, makosa yakiwa mengi. "Mwaka wa 490, mwanamfalme Tendegu anauawa kwa mkuki darajani, halafu kunakuja njaa ya kusini..."

Kalamu nyekundu ilisimama. "Mia nne na tisa, si tisini. Njaa ni ya kaskazini. Na Tendegu si darajani, ni Shimo la Chokaa. Ukinukuu, Afande, nukuu sawasawa." Akatabasamu kwa kuomba radhi. "Ugonjwa wa kazi."

Inspekta aliandika yote, akijisikia mjinga. Alikuwa ametunga makosa mengi kiasi kwamba alidhani na hilo la daraja amelikosea yeye. Siku ilikuwa ndefu. Alimshukuru Mwalimu akaondoka.

*

Ijumaa saa mbili asubuhi, zikiwa zimebaki saa nne kabla ya mashtaka, mjane wa Msimulizi aliwafungulia mlango. Nyumba ilikuwa imejaa viatu vya wafiwa. Aliwapitisha katikati yao hadi chumba cha ndani, kwa sababu Inspekta alikuwa ameuliza kama mumewe aliandika chochote nyumbani.

"Hakuandika hapa," alisema mjane. "Alichora."

Ramani ya Dola ya Shaba ilijaa ukuta mzima: ubao, na juu yake turubai iliyopakwa rangi, mito, safu za milima, miji midogo yenye kuta. Kila palipomwagika damu katika historia palikuwa na msumari wenye uzi mwekundu na kipande cha karatasi chenye mwaka. Misumari ilikuwa mingi mpaka nchi ilionekana imeota manyoya.

"Karakana ina unyevunyevu, ndiyo maana ramani inakaa hapa," mjane alieleza. "Na hii ilikuwa desturi yake. Ramani kwanza, maneno baadaye. Alisema mtu akianza na maneno atadanganya, lakini msumari lazima uingie mahali. Jana asubuhi kabla hajanywa chai aling'oa mmoja akaupigilia kwingine. Nikamkuta analia. Mwanaume mzima, nyundo mkononi, analia kwa sababu ya msumari."

"Upi?"

Mjane alionyesha. Kwenye Daraja la Mifupa palikuwa na tundu tupu. Kusini yake, mbali na mto, penye alama ya duara jeupe, palikuwa na msumari mpya, na kikaratasi chake kilisema 409. Chini ya duara, kwa mwandiko wa Msimulizi: *Shimo la Chokaa*.

Inspekta alilifungua daftari lake. Lilikuwepo pale pale, kwa mkono wake, maneno ya Mwalimu. Si darajani, ni Shimo la Chokaa. Kitabuni, ukurasa wa 140, ilikuwa daraja. Bucha alijua daraja. Shimo lilikuwa kwenye ukuta huu na kwenye ukurasa uliokatwa tu, na ukurasa ule hakuna aliyepaswa kuuona kabla ya Jumamosi.

"Mwalimu alikuja hapa jana?" aliuliza.

"Shemeji Mwalimu? Hapana. Amepiga simu, kasema atakuja leo jioni kukaa na sisi. Ameniomba ramani kama kumbukumbu."

"Usimpe. Mumeo alisema lolote tena kuhusu Twiga?"

Mjane alifikiri. "Aliniuliza kuhusu jeraha la kisogoni waliloliona walipomwosha, na kama naikumbuka dadu yake, maana ameiona tena mkononi mwa mtu. Ningeisahau vipi? Iliruka mezani ikaangukia jikoni kwenye moto, pembe moja ikaungua. Tulicheka hadi tukaumwa tumbo. Twiga aliiweka mfuko wa shati mpaka siku aliyokufa." Akaushika ukingo wa ubao. "Mume wangu alikuja kwenu, Afande. Wiki mbili zimepita. Alikaa kwenye benchi tangu saa tatu mpaka saa saba, na kitabu chake mapajani. Alimtaka yule aliyeandika faili la Twiga. Wakamwambia ana kikao. Akarudi akasema, basi, nitaandika, yeye mwenyewe akisikia atakiri mezani mbele yetu. Sikujua anamsema nani."

Koplo alitazama viatu vyake. Yeye ndiye aliyekaa kaunta siku ile. Na Inspekta hakuwa na kikao chochote. Alimwona tu mtu mwenye kitabu kikubwa, naye akatokea mlango wa nyuma.

Aliona aibu, aibu ya kweli. Lakini saa ilikuwa imeshafika tatu kasorobo.

*

Kiranja wa kidato cha pili hakuhitaji kubanwa. Mwalimu aliandika maswali ubaoni saa sita na robo, akawafungia mlango kwa nje wasitoke, akarudi saa saba na nusu ameloa maji kifuani. Alisema bomba limepasuka.

Walimkuta katika stoo ya vifaa, pembeni ya chumba cha walimu, akipanga rula za ubaoni. Inspekta aliingia kwanza. Koplo alibaki mlangoni.

"Mwalimu, jana ulinisahihisha."

"Umekuja kushukuru?"

"Nimekuja kuuliza. Tendegu alifia wapi?"

Ilimchukua Mwalimu muda mfupi tu kuelewa alichokuwa amekisema, na Inspekta aliona jinsi kilivyomwingia, taratibu, uso ukibadilika rangi. Halafu mtu mpole akaisha. Alinyakua bikari kubwa ya ubaoni, ile ya mbao yenye mwiba wa chuma mguuni, akaja nayo moja kwa moja. Inspekta aliinua mkono. Mwiba ulipita katikati ya kiganja ukatokea upande wa pili, na maumivu yakampanda hadi menoni. Mwalimu aliuvuta, akaunyanyua tena akilenga shingo, na Koplo, magoti na yote, alimrukia kiunoni wakaangukia rafu pamoja. Tufe la dunia, chaki, pembetatu za mbao, vyote viliwashukia. Mwalimu alimpiga Koplo kiwiko cha pua, mara mbili, damu ikaruka ukutani. Inspekta aliokota rula ya mita kwa mkono mzima akamshushia nayo utosini. Rula ilivunjika. Akampiga na kipande kilichobaki, na tena, na akajikuta anataka kupiga mara ya nne.

Hakupiga. Akakaa chini, akifunga kiganja kwa kitambaa cha kufutia ubao.

"Pua yangu," Koplo alisema kutoka chini ya Mwalimu, akihangaika na pingu. "Mwaka mmoja tu ulikuwa umebaki, jamani."

"Lete mkoba wake. Na rejista ya mahudhurio."

"Ukurasa atakuwa ameshauchoma, Afande."

"Huyu? Ameukata kwa kisu ili kitabu kisifumuke. Kwao historia haichomwi. Angeweza kuua watu kumi, asingeweza kuchoma ukurasa mmoja."

Ulikuwa katikati ya rejista, umenyooshwa vizuri ndani ya karatasi ya plastiki. Na katika mfuko wa kitambaa wa dadu zake, kati ya nyingine tisa, kulikuwa na moja ya pande ishirini, pembe moja imeungua nyeusi.

"Hata hii," Inspekta alimwambia, "miaka mitatu, hukuweza kuitupa."

Mwalimu alikuwa amelala ubavu, damu ikimchuruzika kutoka kwenye nywele hadi kwenye kola iliyopigwa pasi. "Ilikuwa inatoa ishirini," alisema kwa sauti yake ya chini. "Mara nyingi. Nisingeitupa dadu kama ile." Akapumua. "Twiga alihamia ofisi ya kumbukumbu za mitihani. Akatafuta namba ya cheti changu, kwa utani tu, akakuta si yangu. Akanipeleka machimboni tuongee faragha. Alinipa mwezi mmoja niache kazi mwenyewe. Akacheka. Akasema, Mwalimu, wewe umetunga historia nzuri kuliko sisi wote. Nikaokota jiwe."

"Na Msimulizi?"

"Nilipita kumpa pole, walikuwa wamegombana na mdogo wake. Alitoka nyuma kunawa gundi. Kitabu kilikuwa wazi." Alifumba macho. "Alikuwa ameandika vizuri sana."

*

Saa sita kasoro dakika kumi Inspekta alimpigia Mkuu simu, akamwambia waliouawa ni wawili na si mmoja, na akamwambia pia faili la nani lilikuwa limekosewa. Saa sita kamili pingu ya hospitali ilifunguliwa.

Bucha alikuwa amefika, amenawa mikono hadi ikapauka, na mjane alikuwa ameketi miguuni pa kitanda, kitabu mapajani. Mdogo hakuweza kusoma kwa jicho moja lenye machozi.

"Isome wewe," alimwambia Inspekta. "Ni lazima isomwe mezani. Hapa ndipo meza."

Kiganja cha Inspekta kilikuwa kimeshonwa na kufungwa bendeji. Aliushika ukurasa kwa mkono mwingine akasoma kwa sauti.

"*Imegundulika kwamba mwanamfalme Tendegu hakufa darajani, wala hakuuawa na adui. Rafiki aliyekula naye kiapo alimpiga jiwe kisogoni, akamsukuma katika Shimo la Chokaa, akabaki na pete yake. Tulimwimbia shujaa wa vita ambavyo hakupigana. Walipomtoa majini, aliitwa mlinzi wa lango aseme mwanamfalme amekufaje.*"

Alikohoa, akaendelea.

"*Mlinzi hakushuka shimoni kutazama. Alisema ameteleza. Akafunga lango, akaenda kula.*"

Bucha alikuwa akilia waziwazi, akipangusa kamasi kwa mkono ule mkubwa.

"Mlinzi wa lango ni nani?" Mdogo aliuliza. "Hatuna mtu kama huyo. Hakuna anayemcheza."

"Ni mimi," Inspekta alisema. "Faili la Twiga ni langu. Sikushuka. Na kaka yako alipokuja kunieleza nilimwacha kwenye benchi nikatokea mlango wa nyuma. Ningemsikiliza siku ile, angekuwa hai. Na wewe ungekuwa na macho mawili."

Mjane aliinamisha kichwa. Mdogo alimtazama Inspekta kwa lile jicho moja, na Inspekta hakugeuza uso. Alingoja atukanwe, na angetukanwa kwa haki.

Mdogo hakutukana. Alinyoosha mkono kwa shida, mbavu zikimlia, akachukua kibweta cha wino wa bluu kilichokuwa ndani ya mfuko wa shemeji yake. Alibonyeza dole lake chini ya ukurasa. Akampa Bucha, Bucha akabonyeza. Akampa mjane, ambaye hakuwahi kucheza hata siku moja, naye akabonyeza.

Kisha akamsogezea Inspekta.

"Ukiwamo ndani ya tukio, unaweka," alisema.

Aliweka. Alipoinua kidole, Mdogo aliinama karibu na karatasi akalikagua dole lile, kwa ile tabia yao ya kutovumilia kosa.

"Limetoka hafifu, Afande," alisema. "Bonyeza tena. Lionekane."

Akabonyeza tena.